Hoja ya Tatu

Nyumbani,
3 Februari

Kaka mpendwa,

Mwalimu wetu wa lugha anasema barua njema huanza na salamu, kisha hali ya nyumbani, na shida ya mwandishi ije mwisho, ili msomaji asione kwamba amekumbukwa kwa sababu ya shida. Basi hujambo? Sisi hatujambo. Mama anashona sare za shule pale sebuleni, na chaki yake ya kuchorea kitambaa bado inapotea kila asubuhi na kuonekana nyuma ya sikio lake. Baba hatengenezi redio tena. Redio zote za wateja zimefunguliwa kwenye habari. Mteja akija kuchukua yake anasikia vita vya jirani, anavuta kiti, anabishana mpaka jua linaingia dukani, kisha anaondoka ameisahau.

Wanabishana kama nchi yetu ipeleke wanajeshi kule. Bunge nalo litalijadili, ila siku haijatajwa. Baba ni wa upande wa kwenda. Juzi alisimama na bisibisi mkononi akasema, "Jirani anachinjana na nduguye, na wewe umekaa unapunga upepo wa feni? Waende!" Fundi viatu wa mlango wa pili akamwambia, "Aende wa kwako kwanza." Baba akajibu, "Wa kwangu ni dereva wa lori la maji, yuko kambini. Kwani wewe unadhani vitani wanapigana kwa ndoo?" Watu walicheka sana. Mama alisimamisha cherehani, akangoja kicheko kiishe, akaendelea kushona.

Sasa shida yangu. Nimechaguliwa kwenye mdahalo wa shule, na mada ni hiyohiyo: nchi yetu ipeleke majeshi katika nchi jirani. Mwalimu wa historia ana utaratibu wake. Kila mmoja anaandaa pande zote mbili, na upande wako unaujua kwa kura ukiwa tayari jukwaani. Halafu katikati ya hotuba yako anapiga kengele ya mkononi, na hapohapo unatakiwa ugeuke uanze kupinga ulichokuwa unasema. Anasema asiyeweza kusimama upande wa pili hajauelewa hata ule wake. Fainali ni mwezi wa tano, na mgeni rasmi ni mheshimiwa mbunge.

Wewe ni askari, kwa hiyo nimeona nikuulize wewe kuliko kusoma magazeti. Askari wenyewe wanasemaje? Wanataka kwenda?

Ule vizuri.

Mdogo wako,
Wakili
(jina ni wewe uliyenipa, usije ukalikana)


Kambini,
16 Februari

Wakili,

Salamu zimefika, hali ya nyumbani imefika, shida nayo imefika. Mwambie mwalimu wako wa lugha kwamba mimi nilianza kusoma kwenye shida.

Askari hawasemi kitu. Wanasoma majina, tunapanda gari. Ndivyo ilivyo.

Mimi mzima. Lori ni lilelile na breki ni zilezile. Tunalala chumba kimoja kikubwa kwa sababu mabweni yanakarabatiwa. Jirani yangu wa kulala anaitwa Kijiko. Anakula kila kitu kwa kijiko, hata ndizi, na akimaliza anakirudisha ndani ya kiatu. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kila jioni ananiambia, "Nisomee tena pale pa feni."

Nina ombi. Niandikie hotuba yako ya upande wa kwenda. Ile ya kupinga baki nayo. Nataka sababu za kwenda tu, zilizopangwa vizuri, kama unavyojua kuzipanga. Usiniulize za nini.

Na kuna mtu hapa amekwama kwenye hesabu. Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa sita. Bomba la pili hujaza tangi hilohilo kwa saa nne. Yakifunguliwa yote pamoja, tangi litajaa kwa muda gani? Aliandika mstari mmoja wa jibu akaacha. Mimi nabeba maji kila siku na sijui.

Kaka yako,
Dereva


Nyumbani,
28 Februari

Kaka mpendwa,

Hujambo? Tumefurahi kupata barua yako. Baba aliisoma kwa sauti dukani, ila sehemu ya breki aliiruka, akasema ni siri za jeshi.

Hotuba nimeikunja pamoja na barua hii. Ina hoja tatu. Ya kwanza ni mkataba wa ujirani mwema, kwamba nchi ikiahidi kusaidia lazima isaidie. Ya pili ni wakimbizi, kwamba watu wakikosa amani kwao watakuja kuitafuta kwetu, na ni heri amani ipelekwe kwao. Hizo kila mtu darasani anazo. Ya tatu ni yangu mwenyewe, nayo inasema hivi:

"Mtoto wa kule ana haki ya kuamka asubuhi, kuvaa sare na kukaa darasani mpaka kengele ilie. Kama mwenye bunduki amemfungia mlango, basi mwenye bunduki mwingine aende akamfungulie, kisha atoke nje."

Mwalimu wa historia aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Vizuri. Je, atatoka?" Sijajua kama ni swali la kujibiwa au ni alama za kukatwa.

Kuhusu hesabu, mwambie huyo mtu asikate tamaa. Kwa saa moja bomba la kwanza hujaza sehemu moja ya sita, na la pili hujaza robo. Ukijumlisha unapata tano ya kumi na mbili. Kwa hiyo tangi zima litajaa kwa saa mbili na mbili ya tano, yaani saa mbili na dakika ishirini na nne. Nimerudia na jibu ni hilohilo, lakini linanikera. Hesabu za shule kwa kawaida hazitoki na mkia.

Jambo moja dogo. Mama alipoifungua barua yako, vumbi jekundu lilimwagikia kola nyeupe aliyokuwa anaishona. Alilipangusa, likaacha doa. Mimi nakumbuka siku ya kiapo chako, viatu vyangu vilirudi na udongo mweusi wa kambi na ilibidi visuguliwe siku nzima. Nikamwambia Mama labda wameleta kifusi chekundu cha kukarabati mabweni. Mama akasema, "Ndiyo, mwanangu, kifusi," akachukua kola nyingine.

Ni kifusi, Kaka?

Mdogo wako,
Wakili


21 Machi

Wakili,

Si kifusi.

Niko hukohuko mnakobishania. Nilikuwa huku hata kabla hujaniandikia ile barua ya kwanza. Walisoma majina, tukapanda magari, tukaambiwa tusiandike. Hii inaletwa na dereva mwenzangu anayefuata vipuri, imo mfukoni mwake. Wewe endelea kuandika kwa anwani ya kambini, yeye atazichukua. Bunge litakapojadili kama twende au tusiende, tutasikiliza na sisi. Tunayo redio.

Usimwambie Baba. Usimwambie mtu yeyote.

Chumba kikubwa tunacholala ni darasa. Madawati tumeyasimamisha madirishani kuzuia risasi. Ile hesabu ya mabomba iko ubaoni, mstari mmoja, halafu chaki imeburuzwa kwenda chini. Nadhani ndio wakati walipokimbia. Kila usiku nilikuwa nalala nikiitazama. Barua yako ilipofika niliandika njia yote mpaka mwisho, kama ulivyoonyesha, na mkia wake. Wenzangu walipiga makofi, sijui kwa nini.

Uliniuliza askari wanasemaje. Nitakueleza. Juzi nilipita na lori mahali fulani. Kulikuwa na vitu barabarani ambavyo sitaviandika. Nikajikuta nawaza breki. Niliwaza breki kwenda na kurudi, na nilipofika nikaijaza fomu ya mafuta, nikala. Chakula hakikuwa na shida. Hilo ndilo la kukuambia, kwamba chakula hakikuwa na shida.

Hotuba yako niliwasomea wenzangu kwa sauti ili nao wasikie tumekuja kufanya nini. Kijiko ameikariri hoja ya tatu. Anaisema akipiga mswaki, povu linaruka. Jana alifika pale pa kukaa darasani, akatema, akasema, "Jamani. Darasani si tumelala sisi?"

Hakuna aliyecheka. Sasa amenogewa. Anataka aende kwa afande aombe tuhamie kwenye mahema, uwanjani, ili watoto warudi. Nimemwambia afande atamtafuna na kijiko chake.

Kaka yako


Nyumbani,
30 Machi

Kaka mpendwa,

Sijamwambia mtu. Nimeona ni vyema nianze na hilo kabla ya salamu.

Hujambo? Baba bado anasema waende. Jana aliposema nilikuwa namimina chai, nikaijaza sahani badala ya kikombe. Fundi viatu akasema, "Wakili leo ana mawazo ya mchumba," nikacheka ili wasiangalie uso wangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kucheka bila kuhisi anacheka.

Nimeisoma tena hoja ya tatu. Niliiandika nikiwa nimekaa kwenye dawati langu, dirisha liko wazi, mtu anauza karanga nje ya uzio. Niliandika "kisha atoke nje" kwa sababu sentensi ilihitaji kuishia vizuri. Sikuwaza kwamba anayetoka anahitaji pa kwenda.

Kuhusu Kijiko, nina ushauri. Mwambie asianze na haki ya mtoto. Mwalimu wetu anasema mkubwa hashawishiwi kwa wema wako, anashawishiwa kwa shida yake yeye. Shida ya afande ni nini? Nadhani ni vyoo. Shule ina vyoo vichache, nanyi ni wengi. Watu wakianza kuharisha, nani atalaumiwa? Basi Kijiko aseme: afande, vyoo vinajaa, uwanjani tunaweza kuchimba vipya, na hewa ni safi. Watoto awataje mwishoni, kama vile amekumbuka tu. Nina uhakika atakubaliwa.

Swali langu la mwisho nalihitaji kwa mdahalo, lakini nalihitaji pia kwa ajili yangu. Watu wa huko wanawataka, au hawawataki?

Mdogo wako,
Wakili


17 Aprili

Wakili,

Tumehama.

Kijiko aliongea vyoo mpaka afande akaziba pua. Watoto aliwataja akiwa ameshapiga saluti ya kuondoka. Afande akamwita, "Wewe, njoo. Nani amekufundisha kusema hivyo?" Akajibu, "Wakili wangu, afande." Afande akasema wakili huyo angefaa kuwa ofisa ugavi. Kesho yake tukasimamisha mahema uwanjani, kati ya magoli mawili. Kijiko amelala pale pa kupigia penalti, anasema ni sehemu ya heshima.

Mwalimu wa shule alikuja. Mama wa makamo, ana funguo kiunoni na milango yenyewe haina vitasa. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani amemaliza hii?" Nikasema ni mdogo wangu, yuko mbali. Akasema, "Hesabu ni sahihi. Swali ndilo lisilo sahihi." Mtoto aliyeitwa ubaoni siku ile alinakili vibaya. Bomba la kwanza lilikuwa la saa kumi na mbili, yeye akaandika sita, ndiyo maana alikwama. Jibu ni saa tatu kamili, bila mkia. Nimeona nikuambie, maana najua lilikuwa linakukera.

Uliuliza kama wanatutaka. Mwalimu alipofuta ubao alinigeukia akaniuliza, "Mnaondoka lini?" Alikuwa amekunja uso kabisa. Nikasema sijaambiwa. Siku iliyofuata watoto wachache walikuja, wakakaa chini kwa sababu madawati yalikuwa bado hayajarudishwa. Aliwaacha waandike, akaja kwenye lori kuchukua maji, akaniuliza polepole, "Hamtaondoka kabla ya mvua, sivyo?"

Ni mtu yuleyule. Kengele yako ya mkononi iweke katikati hapo. Mara ya pili nilimjazia ndoo yake tu.

Kijiko anasema ukishinda utume picha ya kombe, yeye ataliwekea uji.

Kaka yako


29 Aprili

Wakili,

Mimi mzima.

Mvua zimeanza. Kijiko amehamishwa. Lori limetoboka ubavuni lakini fundi ameliziba na halivuji. Siku hizi nalala ndani yake.

Darasa halina neno. Watoto wanakuja, madawati yamerudishwa. Mwalimu anafundisha.

Nakula kwa kile kijiko.

Usiibadilishe hoja ya tatu. Iseme kama ilivyo.

Kaka yako


Nyumbani,
19 Mei

Kaka mpendwa,

Hujambo?

Uliandika Kijiko amehamishwa. Hukuandika amehamishiwa wapi, na kijiko kiko kwako.

Niliisoma barua yako jikoni, nikaiweka chini ya kopo la chumvi, nikaosha vyombo. Sikulia. Nilisubiri nilie lakini hakuna kilichokuja. Niliosha sahani moja mpaka Mama akaichukua mkononi mwangu, akaifuta, akaipanga. Akasema, "Kama ni wa kwetu niambie. Kama si wa kwetu, niambie pia, ila polepole." Nikamwambia si wa kwetu. Akakaa kwenye kile kigoda cha kukunia nazi, mikono magotini. Alijua siku zote, Kaka. Alijua tangu doa la kola.

Mimi ndiye niliyesema aanze na vyoo. Nilisema nina uhakika.

Mdahalo ulikuwa Ijumaa. Mama alinishonea kola mpya. Ukumbi ulijaa, na Baba alikaa mbele kabisa na shati lake la harusi. Mgeni rasmi alipofungua alisema mengi, na akasema hivi: "Niwahakikishie wazazi, hakuna hata askari wetu mmoja aliyevuka mpaka. Sisi ni nchi ya sheria. Tunangoja bunge." Watu wakapiga makofi. Baba alipiga kuliko wote. Mama alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na aliendelea kukitafuta mpaka makofi yakaisha.

Ningeweza kusema pale. Niliwaza ningesema nini, na wangekufanya nini wewe, na yule dereva wa vipuri, na mfuko wake. Zamu yangu ilipofika nikapanda jukwaani.

Kura yangu ilikuwa upande wa kwenda. Nikasema hoja ya kwanza na ya pili, maneno yalitoka yenyewe kama jedwali la kuzidisha. Nikasema hoja ya tatu kama ulivyoniambia, mpaka mwisho. Kengele ikalia.

Nikaisema tena. Ileile, neno kwa neno. Mtoto wa kule ana haki ya kuamka asubuhi, kuvaa sare na kukaa darasani mpaka kengele ilie. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mwalimu wa historia akasema kwa upole, "Geuka, binti. Kengele imelia." Nikamjibu, "Nimegeuka, Mwalimu." Nikamalizia: akamfungulie, kisha atoke nje. Nikakaa.

Mwalimu alivua miwani yake na hakuivaa tena mpaka mdahalo ulipoisha. Aliyeshinda ni mvulana wa darasa la juu yetu, alizungumza vizuri sana pande zote mbili. Wakati wa zawadi mheshimiwa alinishika bega akaniuliza kwenye kipaza sauti, "Binti, mbona ulirudia yaleyale? Ulisahau?" Nikasema, "Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa nataka kuuliza. Huyo askari akishatoka nje, alale wapi?" Ukumbi mzima ulicheka. Naye alicheka, akasema jeshi letu lina mahema ya kutosha.

Baba hakucheka. Tukatembea mpaka karibu na duka. Akaniuliza, "Hilo swali la kulala umelitoa wapi?" Nikasema kichwani. Akanitazama, kisha akamtazama Mama, na Mama hakukwepa macho yake. Baba akafungua duka gizani akaanza kuzima redio, moja baada ya nyingine. Sijawahi kusikia duka lile likiwa kimya. Asubuhi fundi viatu alikuja na uchokozi wake: "Haya bwana, waende au wasiende?" Baba akasema, "Lete hiyo redio yako niitengeneze." Ameitengeneza. Ametengeneza zote.

Kaka, niambie lililo kweli. Na niambie kama Kijiko ana mama. Nataka kumwandikia, ila sijui barua ya namna hiyo, ukishatoa salamu, inaendelea na nini.

Mdogo wako


6 Juni

Wakili,

Ana mama. Anauza mboga sokoni, na ndiye aliyempa kile kijiko siku anaondoka nyumbani, kwa sababu mwanawe hakupenda kula kwa mkono tangu mtoto.

Usimwandikie bado. Hajaambiwa. Kwenye karatasi zao Kijiko hayuko huku, kwa hiyo hawezi kuwa amefia huku. Wanasema bunge lijadili kwanza, kisha mama yake atapata barua. Ukitaka sana, mwandikie salamu tu. Ishia kwenye salamu.

Lililo kweli ni hili. Lilikuwa kombora, mchana, tunakula. Liliangukia uwanjani. Ukuta wa darasa ni wa mawe na hema ni kitambaa, na hilo najua umeshaliwaza, kwa hiyo naliandika mimi ili usiwe nalo peke yako. Mwalimu wa hapa anasema wanaorusha walikuwa wanatutafuta sisi popote tulipo, na kama tungekuwa tumelala darasani wangelipiga darasa, na leo hata pa kufundishia pasingekuwepo. Huenda anasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Huenda anasema kwa sababu aliuona uso wangu. Nikiwaza upande mmoja kengele inalia, nageuka, inalia tena. Nimeacha kuwaza. Nachota maji, napeleka.

Watoto wote walikuwa ndani siku ile. Wote. Walikuwa wamekaa kwenye madawati. Hilo pia ni kweli, na Kijiko alilijua, maana asubuhi yake alipita dirishani kuwahesabu kwa kidole, akarudi akijisifu kama ni wa kwake.

Bado hatujaambiwa tunarudi lini. Nimeanza kuota nimefika nyumbani, sebuleni, na Mama ananipimia kola. Kabla ya hapo sikuwa naota kitu.

Mwalimu aliniuliza yule wa kijiko yuko wapi. Nikamwambia. Akarudi darasani, akaendelea pale alipoachia. Kesho yake alikuja na karatasi. Anasema swali hili ni la mdogo wangu, watoto wamekwama. Ameliandika kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu, anasema, huku hakuna anayeaminika kunakili. Watu wawili wanaanza safari asubuhi moja kutoka miji miwili, kila mmoja anamfuata mwenzake kwa barabara ileile. Mwendo wa kila mmoja ameuandika humo. Watakutana wapi? Tuma na njia. Anasema jibu peke yake hatalipokea.

Kengele ya shule iliibwa zamani. Nilimpa rimu moja mbovu ya lori, tukaining'iniza mlangoni. Alikuwa anaigonga kwa jiwe, na jiwe lilikuwa linavunjikavunjika. Basi nimempa kijiko. Sauti yake ni ndogo lakini wanaisikia.

Kinalia sasa hivi. Wanatoka mbio. Naishia hapa nikawafungulie bomba.

Kaka yako,
Dereva